Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kuhusu kibuki cha Bibi

Mwanangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma baada ya sala ya alasiri, usiku nikairudia. Unaniuliza kama hicho kichwa kisichosikia dawa, na hizo ndoto za watu wanaosema lugha usiyoijua, ni kibuki cha Bibi yako, yule shetani wa kutoka Bukini, yaani Madagaska, kinachotafuta kiti, mtu wa kumpanda. Fundi wa huko Dar, huyo mganga wa mashetani, kakwambia ukubali kufanyiwa ngoma, shetani apande ataje jina lake. Unataka nikwambie ni kweli au si kweli.

Mimi nakuuliza: nani atakaa ubavuni mwako?

Ngoma uliziona ulipokuwa mdogo, lakini uliona yanayopendeza: kodiani, kayamba, nyuso zilizopakwa udongo mweupe, chupa ya brandi, sarafu ya fedha ndani ya maji. Asubuhi yake hukuiona. Bibi yako alisali sala zake tano na kileo hakukigusa maishani, lakini kibuki kikishashuka alikuwa hajui kanywa, hajui kasema nini, hajui kamkaripia nani. Huuliza tu, "Kasema nini?" Na wa kumjibu nilikuwa mimi. Sijavunja ungo bado, nakaa nyuma yake na kanga ya kumfunika, nashika kila neno; lugha yao ya Kibuki fundi huifasiri, Kiswahili chao cha kukatakata nakisikia mwenyewe. Ndiyo maana nasema siku zote: kazi ya kiti ni ya nyumba nzima. Kiti hajisikii.

Unamjua mama yangu, hakuwa mtu wa maneno matamu. Ukipika vizuri alikula akanyamaza. Basi usiku mmoja, kwa fundi kule Ng'ambo, shetani wake kapanda, mwana wa mfalme wa Bukini, shingo imenyooka, sauti ya kiume. Kawaamkia wakubwa, kamwita baba yangu, kamdai kitambaa alichoahidiwa. Baba akaomba muda, wakaelewana kama mtu na shemeji yake. Kisha akanigeukia mimi. Akanipapasa kichwani, kwa mkono wa mama yangu, akasema: "Mtoto huyu ndiye anayemshika mama yake. Mpendeni." Nililia palepale mbele za watu.

Asubuhi akaniuliza, "Kasema nini?" Nikamweleza yote, na hilo nikamweleza. Akawa anakunja mkeka, kimya. Halafu akasema, "Kasema yeye. Mimi sijasema."

Mama amelala makaburini Mwanakwerekwe miaka mingi sasa, na neno hilo bado linanichoma. Mara nasema ni yeye, kapata njia ya kulitoa lililomshinda mdomoni. Mara nasema hapana, mama angetaka kusema angesema, hakuwa anamwogopa mtu. Lakini kama ni shetani, mbona mkono ule niliujua? Na kama ni mama, mbona asubuhi alinikatalia? Hilo swali lako la kweli au si kweli nimekaa nalo tangu utoto, sijalimaliza.

Wapo watakaokwambia ni shirki. Sheikh wa mtaani kwetu alisema hivyo mimbarini, na mama alimheshimu, akampelekea futari, na Ramadhani nzima kilingeni, kwenye ngoma za mashetani, hakukanyaga. Wapo watakaokwambia ni neema. Miye ninalolijua kwa yakini ni kwamba mama hakumtaja mchawi hata mara moja. Watu walikuja na mtoto mgonjwa wakitaka jina la jirani, wakaondoka bila jina. Unakumbuka 2015 serikali ilivyopiga marufuku wapiga ramli, kwa yale mauaji ya wenzetu wenye ualbino? Neno la mtu asiyejisikia linaweza kuua. Kwa hiyo huyo fundi wako muulize: shetani akipanda akamtaja mtu, nani atalizuia neno hilo lisivuke mlango? Na akikwambia uache dawa za hospitali, chukua viatu vyako uondoke. Mama alikuwa na presha, na vidonge vyake alimeza, ngoma au si ngoma. Kichwa hicho kipimwe kwanza.

Na mumeo umemwambia? Katika barua yako hayumo. Shetani atamdai na yeye: ubani, nguo, gharama za ngoma, na usiku ambao hutakuwa wake. Nakwambia tena, kazi ya kiti ni ya nyumba nzima, na nyumba yako ina watoto wawili wanaosikia kila kitu kama nilivyosikia mimi.

Nilikuwa nimekusudia nisiseme nakubali wala nakataa. Nimeandika mstari mmoja hapa nikaufuta, kwa sababu ungeufuata, nami nataka uamuzi huu uwe wako.

Zungumza na mumeo, kisha unitajie atakayekaa ubavuni mwako. Tarehe ya ngoma usiikubali kabla sijafika. Nitapanda boti wiki ijayo, mjomba wako atanisindikiza.

Mama yako