Kwa vijana wa waya: RCD ikikata, msiibaipasi

Nimefungua tena bodi ya umeme ya mtu nikakuta RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, imebaipasiwa, yaani imerukwa, kwa kipande cha waya. Aliyefanya hivyo ni mwenzenu kabisa, ana bisibisi nzuri kuliko zangu. Basi tuongee kuhusu kazi mnayoidharau: kuvuta umeme toka nyumba kubwa kwenda vyumba vya uani.

1. Mpaka kwenye mita ni mali ya TANESCO. Lakiri usiiguse, hata mwenye nyumba akikubembeleza kwa chai.

2. Breka inalinda waya, si friji. Ukiweka breka ya ampea 40 kwenye waya wa 2.5 (milimita za mraba) "ili isisumbue", kitakachoungua ni waya, tena ndani ya ukuta. Hita ya kuogea ya wati 5,500 inakula karibu ampea 24. Ipe waya wake wa 4 au 6 na breka yake. Nani aliwaambia iungwe kwenye soketi ya chumba cha pili?

3. RCD. Hapa vuteni viti. Na mimi niliwahi kuongeza vyumba vya wapangaji. Laivu, waya unaoleta umeme, nikaichukua baada ya RCD; nyutro, waya unaourudisha, nikaibana kwenye baa ya kuunganishia nyutro iliyokuwa karibu na mkono wangu, ambayo ilikuwa kabla ya RCD. Taa zote zikizimwa, kimya. Ukiwasha balbu moja, tap! Imekata. RCD inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na wangu ulikuwa unarudi kwa mlango mwingine. Kila nilipowasha, ilikuwa inaniambia hivyo. Mimi nikasema kifaa ni cha Kichina, kibovu. Giza linaingia, mama mwenye nyumba amesimama mlangoni na hela mkononi. Nikaunganisha waya zinazoingia kwenye RCD na zinazotoka, vyumba vyote vikawaka, nikalipwa, nikasifiwa.

Baadaye hita ya mpangaji mmoja ikaanza kuvujisha. Ethi, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ya vyumba vile nilikuwa nimeizungusha tu kwa vidole na kuifunga tepu, ikaachia. Kijana akashika bomba, mkono ukagoma kutoka. Jirani alisikia kishindo akakimbilia meinswichi. Alipona, kiganja kikabaki na kovu. RCD ya miliampea 30 ingemwachia kabla hata hajapiga kelele. Ilikuwepo pale pale ukutani, nimeinyamazisha mwenyewe. Nilirudi kuhamisha ile nyutro, kazi ya bisibisi moja, wala haikunimalizia soda. Mama hakunidai kitu. Alinitazama tu.

Kwa hiyo ikikata, shusha breka zote, pandisha moja moja, ujue ni sakiti ipi. Halafu fuata nyutro yake kwa macho, si kwa kukisia.

4. Kebo ya kwenda uani ipite ardhini, iliyozungushiwa nyaya za chuma, nusu mita au zaidi kwenda chini, utepe wa onyo juu yake. Ile twini, kebo nyepesi ya ndani, mnayoininginiza kwenye mwembe mtakuja kuikata wenyewe siku ya kupunguza matawi.

5. Kaza skrubu, kisha vuta waya. Waya ukitoka, hukukaza.

6. Kabla ya kuwasha pima kwa megga, kipimo cha kuona kama waya zinavuja, volti 500, balbu na vifaa vyote vimetolewa. Chini ya megaomu 1 usiwashe, tafuta kwanza. Huna megga? Njoo uazime yangu, ila irudi na betri zake.