Kutoka sinema za zamani hadi Breaking Bad: maswali yenu kuhusu AMC

Maswali yaliyojikusanya safari hii karibu yote yanaizunguka chaneli moja ya kebo ya Marekani, AMC, iliyoanza kwa kurusha filamu za akina Humphrey Bogart na baadaye ikatuletea Mad Men, Breaking Bad na The Walking Dead. Yaliyofanana tumeyaunganisha, marefu tumeyafupisha.

AMC hii ndiyo ile yenye majumba ya sinema?

Hapana, majina yamegongana tu. AMC Theatres ni kampuni nyingine kabisa, na herufi zake zinatokana na American Multi-Cinema. Chaneli ilizaliwa ikiitwa American Movie Classics. Zile hisa zilizovuma mitandaoni mwaka 2021 zilikuwa za majumba ya sinema.

Chaneli ya filamu za kale ilikuwa na wapenzi wake. Kwa nini ikaachana nazo?

Kwa sababu ilikuwa mpangaji: filamu ilizorusha hazikuwa zake, ilizikodi. AMC ilianza tarehe 1 Oktoba 1984 chini ya Rainbow, tawi la kampuni ya kebo ya Cablevision ya huko New York. Mwanzoni ilikuwa chaneli ya kulipiwa pembeni, na kuanzia 1987 ikawa inahamia kwenye vifurushi vya kawaida. Filamu zilionyeshwa nzima, bila kukatwa, bila matangazo ya biashara katikati, na zile za nyeusi na nyeupe ziliachwa hivyo hivyo bila kupakwa rangi. Mtangazaji Bob Dorian alikuwa akizitambulisha kabla hazijaanza, kama mzee anayekutolea vitu vyake kabatini kimoja kimoja. Ila kabati halikuwa lake. Nyuma ya pazia palikuwa na mikataba tu.

Haki za filamu hukodishwa hivi: studio inakupa rundo la filamu kwa muda maalumu na kwa idadi maalumu ya mara utakazozirusha. Muda ukiisha, unarudisha. Mwingine akipanda dau, zinakwenda kwake. Na mwenye mali akiamua kufungua duka lake mwenyewe, wewe unabaki na rafu tupu.

Ted Turner alifanya hivyo hasa. Tajiri huyo wa televisheni aliinunua studio ya MGM mwaka 1986, akaelemewa na madeni, akauza sehemu kubwa ya alichonunua ndani ya miezi michache. Alichokatalia ni filamu zenyewe: za MGM za hadi wakati ule, za Warner Bros. za kabla ya 1950, na za RKO. Wengi walimcheka. Tarehe 14 Aprili 1994 akazindua Turner Classic Movies, yaani TCM, na hapo kicheko kikaisha. Casablanca, Citizen Kane na Gone with the Wind zote zilikuwa kwenye kapu lake. AMC ilibaki ikikodi kwa studio nyingine, huku ikishindana na mtu asiyelipa kodi ya pango.

Si wangeweka matangazo tu wakaendelea na filamu?

Walijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 matangazo yakaingia ndani ya filamu, na mwaka 2002 chaneli ikabaki na herufi tatu, AMC, ikaanza kuonyesha filamu za kila zama, mpya na za zamani.

Tatizo la kwanza ni la kiufundi. Filamu ya sinema haikuandikwa kwa ajili ya kukatwa. Tamthilia ya televisheni ina vituo vyake: kila baada ya dakika kumi na kitu, mwandishi anaacha jambo likining'inia ili ukae usubiri. Filamu ya mwaka 1945 haina vituo hivyo, kwa hiyo tangazo la sabuni linaangukia katikati ya busu. Halafu kuna muda. Ukiweka dakika 13 za matangazo katika kila saa, filamu ya dakika 100 inakula saa 2 na dakika 8. Aliyezoea kuitazama nzima anahamia TCM, ambako matangazo hayakatizi filamu mpaka leo.

Tatizo la pili ni la mkataba. Kampuni za kebo zilikuwa zimekubali kulipia chaneli ya filamu za kale. Mwaka 2003 mojawapo, Time Warner Cable, ilikwenda mahakamani kulalamika kwamba AMC imebadilisha bidhaa baada ya kuuziana. Kumbuka kwamba kampuni mama ya Time Warner Cable ndiyo iliyokuwa ikimiliki TCM. Kwa hiyo AMC ilikuwa inamwomba nafasi dukani mtu ambaye tayari ana chupa yake ya soda rafuni, yenye ladha ileile.

Mad Men ndiyo tamthilia yao ya kwanza?

Wengi husema hivyo na wanakosea. Ya kwanza ni Remember WENN, iliyoanza Januari 1996. Ilikuwa ya vichekesho vyepesi, ikihusu kituo cha redio mjini Pittsburgh, na iliundwa na Rupert Holmes. Ilifutwa mwaka 1998, mapema kuliko ilivyostahili.

Mwaka 2006 ikaja Broken Trail, hadithi ya sehemu mbili ya wachunga farasi, akiigiza Robert Duvall. Angalia hesabu yake: watazamaji wa AMC walikuwa wanapenda filamu za koboi, na chaneli ilikuwa tayari imekodi filamu hizo. Unatengeneza koboi mpya, unaizungushia zile za zamani kabla na baada, na kila kimoja kinakivuta kingine. Ikapata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya tamthilia fupi bora. Mad Men, iliyoanza tarehe 19 Julai 2007, ilichaguliwa kwa jicho hilohilo: hadithi ya wafanyakazi wa kampuni ya matangazo miaka ya 1960 inakaa vizuri jirani na filamu za miaka ya 1960.

Nimesoma kwamba Mad Men na Breaking Bad zilikataliwa kwingine kwanza. AMC waliona nini?

Waliona bei, na waliona kwamba hawana cha kupoteza. Matthew Weiner aliandika skripti ya kwanza ya Mad Men miaka mingi kabla haijarekodiwa. Skripti hiyo ndiyo iliyompatia kazi kwenye The Sopranos, tamthilia ya chaneli ya HBO, lakini HBO wenyewe hawakuichukua. AMC waliichukua na kulipia sehemu ya majaribio kwa pesa zao, kabla ya studio yoyote kuingia, jambo ambalo chaneli ndogo hailifanyi ikiwa na akili timamu. Studio ya Lionsgate iliingia baadaye kama mtayarishaji. Breaking Bad ya Vince Gilligan, hadithi ya mwalimu wa kemia anayeanza kutengeneza dawa za kulevya, ilikuwa imeshikwa na chaneli ya FX, kisha ikaachiwa.

Pia walibana matumizi pale ambapo mtazamaji haoni. Gilligan alikuwa ameiandika Breaking Bad itokee Riverside, California. Ikahamishiwa Albuquerque kwa sababu jimbo la New Mexico lilikuwa likirudisha asilimia 25 ya gharama za utengenezaji zilizostahiki. Lile jangwa na lile anga kubwa ambalo leo huwezi kuitenganisha nalo hadithi lilitokana na karatasi ya mhasibu.

Kama Mad Men ilitazamwa na watu milioni moja hivi mwanzoni, faida ilitoka wapi?

Chaneli ya kebo ina mifuko miwili. Mmoja ni matangazo, ambao unategemea idadi ya watazamaji. Mwingine ni ada ambayo kampuni ya kebo inailipa chaneli kila mwezi kwa kila nyumba yenye kifurushi, iwe nyumba hiyo inaitazama au haiitazami. Tuchukue, kwa mfano tu, chaneli iliyomo katika nyumba milioni 80. Ikipandisha ada kwa senti 1 ya dola, ni dola 800,000 kwa mwezi, dola milioni 9.6 kwa mwaka. Senti 5 ni dola milioni 48.

Sasa, ili udai hizo senti 5, kampuni ya kebo lazima iogope kukuondoa. Mtu hapigi simu kulalamika kwamba amekosa filamu ya 1950 ambayo ataiona kwingine. Atapiga akikosa kitu kisichopatikana popote pengine. Mad Men ilitwaa Emmy ya tamthilia bora miaka minne mfululizo, 2008 hadi 2011, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutoka kebo ya kawaida kuipata. Hata asiyeitazama alijua kwamba ipo AMC.

Lakini hata hapa AMC ilikuwa bado mpangaji: Mad Men ni ya Lionsgate, Breaking Bad ni ya Sony. Ndiyo maana mwaka 2011 mazungumzo na Weiner yalikwama. Chaneli ilitaka kila sehemu ipungue dakika 2 ili pesa ya matangazo iongezeke. Dakika 2 zinaonekana kidogo, ila ni matangazo manne ya sekunde 30, na kwa msimu wa sehemu 13 ni matangazo 52. Msimu wa 5 ukachelewa hadi Machi 2012.

The Walking Dead, tamthilia ya mazombi iliyoanza tarehe 31 Oktoba 2010, ndiyo waliyoitengeneza na kuimiliki wenyewe. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu milioni 5.3 hivi, na mwanzo wa msimu wa 5 ukapita milioni 17. Ukiwa mwenye nyumba unaanza kuongeza vyumba: Fear the Walking Dead na nyingine nyingi zikafuata, kwa maoni yetu zaidi ya msingi ulivyoweza kubeba. Umiliki nao una kesi zake. Frank Darabont, aliyeianzisha tamthilia na akaondolewa mwaka 2011, alishtaki akidai kwamba AMC kama mtengenezaji ilijiuzia yenyewe kama chaneli kwa bei ya chini, hivyo fungu lake la faida likayeyuka. Mwaka 2021 walimalizana kwa dola milioni 200.

Ile sehemu ya Breaking Bad ya nzi, mbona watu wawili wanamfukuza nzi mwanzo mwisho?

Ni msimu wa 3, sehemu ya 10, mwaka 2010. Bajeti ya msimu ilikuwa imezidi, na ikabidi sehemu moja itengenezwe kwa bei ya chini. Kinachokula pesa kwenye utengenezaji ni kuhama. Kila kikosi kinapobadilisha eneo, malori yanapakiwa, taa zinashushwa na kupandishwa, vibali vinalipiwa, na nusu siku imekwenda. Kwa hiyo wakajifungia kwenye ile maabara ya dawa ya chini ya ardhi ambayo ilikuwa imeshajengwa studio, wakabaki na Walter, yule mwalimu, na mwenzake Jesse peke yao.

Itazame tena ukijua hilo. Mwongozaji Rian Johnson hana mandhari ya kubadilisha, basi anabadilisha mahali pa kamera: juu kwenye dari, chini usawa wa magurudumu, mara nyingine karibu na nzi mwenyewe. Walter, ambaye hajalala, anafika ukingoni mwa kusema siri ambayo ingemvunja Jesse, huku Jesse akiwa juu ya ngazi inayoyumba na yeye ndiye aliyeishikilia. Wapo wanaoiruka. Wasiiruke.

Kwa nini msimu wa kwanza wa Breaking Bad una sehemu 7 tu?

Mgomo wa waandishi wa Marekani, Novemba 2007 hadi Februari 2008. Zilipangwa 9.

Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo nazo zilitegemea sana filamu, sasa tamthilia zimetawala. Ni njia ileile?

Mazoea ya mtazamaji ni yaleyale: filamu ukishaiona umemaliza, tamthilia inakurudisha kesho. Lakini biashara si ileile. Sinema Zetu ni ya Azam, na Maisha Magic Bongo ni ya MultiChoice. Mwenye chaneli ndiye mwenye king'amuzi. Hakuna mtu wa nje anayeweza kuiondoa kwenye kifurushi. Anachokiogopa mwenye king'amuzi ni wewe kuacha kulipia mwezi ujao, kwa hiyo anahitaji tamthilia isiyoisha, ya siku kadhaa kwa wiki. AMC ilikuwa inamtisha mwenye kebo, ikahitaji chache zenye sifa, sehemu 13 kwa mwaka. Tofauti hiyo unaiona hata kwenye kasi ya hadithi.

Nikitazama The Walking Dead kwenye TV mpya picha ina chenga. TV imeharibika?

Hapana, TV yako ni nzima. Tamthilia hiyo ilirekodiwa kwa mkanda wa Super 16, ambao fremu yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya milimita 35 iliyotumiwa kwenye Breaking Bad. Fremu ndogo ikikuzwa, chembe za mkanda zinakuzwa nayo, na watengenezaji walizitaka hizo chembe ili picha iwe na uchafu wa dunia iliyoharibika. TV mpya huzidisha kasoro kwa kujaribu kuzisafisha: nyuso zinageuka nta, na chembe zinatambaa ukutani kama siafu.

Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya sinema, zima kipunguza chenga na kilainisha mwendo, kisha shusha ukali wa picha karibu na sifuri. Ukisogeza kiti nyuma kidogo, chembe zinatulia. Tiba hiyo inafaa kwa misimu iliyorekodiwa kwa mkanda. Kufikia msimu wa 11, ambao ni wa mwisho, walikuwa wamehamia kamera za dijitali, kwa hiyo ukiona chenga huko, kagua intaneti yako.