Jibu: Kwa nini vipande vya shabaha havirushwi vyote mbele

Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza kwa nini ioni nzito (atomi nzito iliyopoteza elektroni) ikigonga kiini cha atomi kwa kasi kubwa mno, vipande vya shabaha, yaani kiini kilichogongwa, hutawanyika kila upande. Mara nyingi mgongano ni wa pembeni: protoni na nyutroni zilizo njiani hupigwa, zilizobaki huachwa na joto tu. Masalio hayo ya moto huvukiza protoni na chembe za alfa (protoni mbili na nyutroni mbili pamoja) karibu sawa pande zote. Kwenye emulsheni (utando kama wa filamu ya picha, unaobaki na alama za njia za chembe), chini ya darubini, njia zake ndiyo ile mistari mieusi mifupi, isiyofika milimita 3. Mistari ya kijivu, hasa ya protoni zilizopigwa moja kwa moja, huelemea mbele. Hiyo ihesabu vizuri sana! Ikiwa mingi, kwa kawaida mgongano ulikuwa wa katikati. Ukivuka feri uje Tudor tuichore pamoja.