Maswali na majibu: Mtandao umefika, watu je?

Mnara upo kilimani, tunauona kabisa kutoka dirishani. Mbona majirani wengi bado hawatumii intaneti?

Kwa sababu mnara ni mwanzo tu. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu bilioni 2.6 duniani hawakuwa mtandaoni, na wengi wao wanaishi mahali ambapo mawimbi yanafika. Kinachowakwamisha ni bei ya simu janja, bei ya bando, kutojua pa kuanzia, na kutokuta kitu kwa lugha yao. Mwaka 2018 Tume ya Broadband (yaani intaneti ya kasi) ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo kwamba ifikapo 2025 bei ya intaneti ya msingi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Lakini wastani unaficha mengi. Anayepata moja ya tano ya wastani huo, asilimia 2 hiyo kwake ni 10. Ndiyo maana kila ninaposikia mtu anajisifia minara, nauliza bei.

Kasi gani inastahili kuitwa intaneti ya kasi?

Marekani ilipandisha kiwango chake mwaka 2024 hadi megabiti 100 kwa sekunde za kupakua na 20 za kupakia. Hiyo ya kupakia isisahaulike: mwanafunzi anayetuma kazi yake anaitegemea.

Tuko mbali sana. Tusubiri faiba, ile nyaya ya kioo inayofukiwa ardhini, au tuchukue intaneti ya setelaiti?

Msisubiri. Setelaiti za zamani ziko kilomita 36,000 hivi juu, kwa hiyo kila ombi na jibu lake huchukua kama nusu sekunde, na mazungumzo ya video yanakuwa ya kukatizana. Zile mpya za chini, kilomita 550 hivi, hazina ucheleweshaji huo, ila uwezo wake hugawanywa kwa wote walio eneo moja. Ichukueni, shule na zahanati zitumie kwa pamoja, huku mkiendelea kudai faiba. Faiba ikishafukiwa, kasi huongezwa kwa kubadilisha mitambo ya miishoni, bila kuchimba upya.

Mimi sioni. Nikifungua tovuti za huduma, simu inanisomea "kitufe, kitufe, kitufe".

Aliyetengeneza hakuvipa vitufe majina. Ni kazi ndogo, na kutoifanya ni kukufungia mlango. Lalamika kwa maandishi na utaje Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 9, inayohusu ufikivu, yaani huduma kuweza kutumiwa na watu wenye ulemavu.

Mama ana miaka 70. Nilimnunulia simu janja, ameifungia kabatini.

Kaa naye, na simu ibaki mkononi mwake. Tunaojua tuna haraka: tunaichukua, tunagusa mara tatu, tunamrudishia. Hapo hajajifunza kitu. Nilipomfundisha shangazi yangu, kidole gumba chake kilikawia juu ya kioo. Simu ikadhani anashikilia, ikafungua menyu asiyoitaka, akashtuka akidhani ameiharibu. Kosa halikuwa lake. Kwenye mipangilio ya ufikivu tuliurefusha muda ambao simu hungoja kabla ya kudhani mtu anashikilia, tukakuza maandishi, na siku hiyo akajifunza jambo moja tu: kupokea simu ya video ya mjukuu wake. Anza na anachokitamani mama. Mambo ya pesa yangoje, na kabla hajayagusa, ajue kuwa namba ya siri haambiwi mtu yeyote. Ukiondoka, mwachie namba ya mtu asiyechoka kuulizwa jambo lilelile mara nne.