Stethoskopu imepotea tena wodini: alama gani haifutiki?

Swali: Mimi ni muuguzi mwanagenzi katika hospitali moja hapa Kisumu. Tangu nianze kazi nimepoteza stethoskopu, kipimo cha oksijeni cha kidoleni na mikasi miwili. Stethoskopu ya pili niliiandika jina kwa kalamu ya maka, lakini hata wiki haikuisha, jina likawa limefutika. Loka hazitutoshi. Kuna alama isiyofutika? Vile vidude vya kutafutia vitu kwa simu vinafanya kazi wodini? Na kitu kikipotea, niende polisi?

Jibu: Pole sana, dada. Kazi yangu ni kukarabati vifaa vya hospitali, na karakana yetu ndiko vinakoletwa vitu ambavyo hakuna anayejua ni vya nani. Nikivitazama naona wazi kwamba vingi havikuibwa. Viliazimwa.

Unajua inavyokuwa. Daktari yuko kwenye raundi, yake ameisahau, anakwambia, “Sista, niazime kidogo.” Anasikiliza mapafu ya mgonjwa wa kitanda cha dirishani, anaitupia shingoni, simu inalia, anaitwa wodi ya kina mama. Jioni anajikuta nyumbani nayo. Ni nyeusi kama zingine zote, wala hakumbuki aliichukua kwa nani. Mtu huyu hana nia mbaya, ila hajui pa kuirudisha. Kwa hiyo alama unayoitafuta kazi yake si kumtisha mwizi. Kazi yake ni kumwambia aliyeazima arudishe wapi. Jina pekee halitoshi, kwani kina Akinyi ni wengi. Weka jina moja na namba ya simu. Wodi usiiandike, maana wanagenzi huhamishwa kila mara.

Kalamu ya maka ilikuangusha kwa sababu wino wake huyeyushwa na spiriti, nawe unapangusa stethoskopu kwa spiriti baada ya kila mgonjwa, jambo ambalo hufai kuliacha. Dawa ya hilo ni kuchonga. Huhitaji kwenda mbali: mafundi wanaochonga namba za gari kwenye vioo vya pembeni wana kimashine cha mkononi kinachofaa kabisa kwa chuma, na sokoni Kibuye kwa watu wa jua kali hutakosa wa kukuelekeza. Mwambie achonge kwenye ile mikono miwili ya chuma inayopanda masikioni, au kwenye shingo ya chuma iliyo kati ya mpira na kichwa, yaani kile kipande kinachowekwa kifuani. Asiguse ule utando mwembamba wa kusikilizia. Asiguse mpira pia, kwa maana ukikatwa hata kidogo sauti huvuja na uchafu hupata pa kujificha. Kabla hajaanza, funika kichwa chote kwa karatasi na selotepu ili vumbi la chuma lisiingie, na simama hapo hapo umwangalie. Fundi aliyezoea vioo vya gari anaweza kukibana kichwa kwenye jiliwa bila kufikiri mara mbili, na kikibonyea hutapata tena sauti ile.

Alama ya kuchonga husomwa kwa karibu tu, kwa hiyo unahitaji nyingine ya kuonekana ukiwa mlangoni. Hapo rangi ndiyo inasaidia. Ukinunua tena, usinunue nyeusi. Chukua ya chungwa, ya zambarau, rangi yoyote ambayo wenzako wakiiona shingoni mwa mtu watamuuliza, “Hiyo si ya yule sista?” Kuna pia vibandiko vya plastiki ngumu vya jina ambavyo hubana kwenye mpira na hupangusika vizuri. Plasta ya kitambaa iliyozungushwa, ambayo naiona kila mahali, siipendi: hunyonya jasho na damu, haisafishiki, na baada ya muda inaacha gundi inayokamata kila uchafu. Shanga vilevile, hata zikipendeza namna gani.

Mikasi ina hadithi yake. Unafunga kidonda, unaulaza mkasi juu ya shuka, mgonjwa anageuzwa, shuka inakunjwa na kutupwa kwenye kapu la nguo chafu. Mkasi umekwenda dobi. Kabla ya kumshuku mtu yeyote, nenda ukawasalimie watu wa dobi na uwaulize kwa heshima, kwa sababu wao ndio huchomwa na vitu tunavyosahau humo, na aghalabu wana kikopo cha vilivyookotwa. Zaidi ya hapo, iga watu wa thieta, chumba cha upasuaji: ulivyokuja navyo kitandani uvihesabu kabla hujakunja chochote. Ila mkasi ukishaingia kwenye pipa la manjano la taka zenye maambukizi, uage. Usitie mkono humo.

Kipimo cha oksijeni ndicho kigumu zaidi, kwa sababu cha kwako na cha wodi hufanana kama mapacha. Toa betri kwanza, kisha jina lichongwe mgongoni, upande usioguswa na kidole cha mgonjwa. Ndani ya kifuniko cha betri bandika namba yako ya simu. Huo ndio ushahidi wako siku mtu akikwambia hiki ni cha hospitali. Kikae kwenye kamba yake mfukoni, kisiachwe hata kidogo juu ya meza ya wauguzi. Na kwenye chumba cha kutenga wagonjwa usiingie na kifaa chako chochote. Vinavyotumika humo hubaki humo, na ukiingiza chako utakiacha au utatoka na maradhi.

Kuhusu loka, tafuta mwenzako mnayepishana zamu mtumie moja, kila mtu na ufunguo wake. Kama hilo haliwezekani, kifuko cha kiunoni cha plastiki kinachopangusika kinatosha.

Najua utaniuliza: mwanagenzi atamkataliaje daktari mkubwa? Hawezi, na simshauri ajaribu. Nunua stethoskopu ya bei ya chini iwe ndiyo ya kuazima. Iweke mahali panapoonekana, na yako ibaki shingoni mwako. Anayehitaji kusikiliza presha tu hatalalamika. Kwa maoni yangu pesa hiyo itakulinda kuliko kufuli yoyote.

Sasa vidude vya simu. AirTag ya Apple, iliyotoka mwaka 2021, haitumii setilaiti kujua ilipo. Hutoa mawimbi ya bluetooth, na vifaa vya Apple vya watu wanaopita karibu ndivyo hutuma habari za mahali kilipo. Wodini kwetu hesabu simu za aina hiyo mwenyewe. Google walianzisha mtandao wao wa kutumia simu za Android mwaka 2024, na huo ndio ungekufaa zaidi, lakini hata hivyo ramani itakuonyesha jengo, haitakuonyesha kitanda. Kuta za zege na mabati hupunguza mawimbi. Tena AirTag ina upana wa karibu milimita 32. Ukiifunga kwenye mpira wa stethoskopu itagongagonga na utaisikia masikioni. Ifae begi lako, si shingo yako.

Polisi uende pale tu unapojua kitu kimeibwa, kwa mfano loka imevunjwa, ukaandikishe kwenye OB, kitabu chao cha matukio, na upewe namba. Kwa kile kilichoazimwa kikasahauliwa, utampotezea afisa muda. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinataka kuwe na nia ya ulaghai, kama vile kumnyima mwenyewe mali yake moja kwa moja, na daktari aliyesahau kitu shingoni hana nia hiyo. Anza na msimamizi wa wodi, na tangazo fupi lenye picha kwenye kundi la WhatsApp la zamu. Andika “nani ameona”, usiandike “nani amechukua”. Picha hiyo uipige leo, pamoja na namba ya kiwandani kama ipo, na risiti.

Hukuuliza kuhusu mlango mkubwa, lakini wenzako wengi husumbuliwa pale. Askari akipekua begi na kukuta kipimo cha oksijeni, yeye ataamini ni mali ya hospitali. Ukiingia na kifaa chako kwa mara ya kwanza, omba kiandikwe kwenye kitabu chao pamoja na namba yake, na msimamizi wako atie sahihi.

Na kama ulikuwa unafikiria kununua mashine ya presha yako mwenyewe kwa sababu ya wodi imekufa, pesa hiyo iweke. Nyingi tunazoletewa zina mpira uliotoboka au vali iliyoziba tu. Jaza fomu ya matengenezo, uilete karakana na mkono wake wa kitambaa, si kichwa peke yake, maana mara nyingi panapovuja ni kwenye huo mkono.