Mdogo wangu, ule uwanja si wa kujenga vyumba vya kupangisha

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Umefungua ramani ya setelaiti, umeiona nyumba yangu huku Minnesota, Marekani, na majani nyuma yake, ukawaambia wazee kwamba dada ana uwanja mkubwa, angekuwa na moyo angesimamisha vyumba vitano uani, apangishe, hela zije Mbagala. Na mama amekuamini. Hapo ndipo nilipoumia.

Ule uwanja ruhusa yangu ni kufyeka tu. Kitongoji ninachokaa kimetengwa kwa nyumba za familia moja: kiwanja kimoja, nyumba moja, basi. Nikichimba msingi wa vyumba vya wapangaji, jirani atapiga simu na mkaguzi atakuja na amri ya kusimamisha ujenzi. Kwetu ukipata tofali unaongeza chumba, mpangaji anahamia plasta haijakauka, na kodi ya miezi sita unayo mkononi. Huku hakuna hiyo.

Na usidhani sheria hizi zilitungwa kwa ajili ya usafi peke yake. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha utengaji wa namna hii katika kesi ya Euclid, kijiji cha pembeni mwa Cleveland, na hukumu ikasema jengo la wapangaji kati ya nyumba za familia mara nyingi ni kimelea tu. Kimelea! Wanaoishi humo ni watu kama mimi na wewe. Hapa jirani Minneapolis, jiji kubwa la Minnesota, kuanzia 1910, hati za viwanja vingi ziliandikwa waziwazi kwamba mtu mwenye asili ya Afrika asiuziwe. Leo masharti hayo hayana nguvu kisheria, lakini mitaa ilishapangwa.

Nafasi ipo, mdogo wangu. Mwaka 1950 Minneapolis ilikuwa na watu zaidi ya 520,000. Sensa ya 2020 ilihesabu kama 430,000. Familia zimepungua ukubwa, barabara kuu zimekata mitaa, wenye uwezo wamehamia vitongojini. Mwaka 2018 baraza la jiji lilipitisha mpango wa kuruhusu hadi kaya tatu kwenye kiwanja kilichokuwa cha familia moja, na nyumba ndogo za uani zilisharuhusiwa tangu 2014. Utasema basi ningenunua mjini nijenge hiyo ya uani. Kwa hela ipi? Huku ardhi inaganda. Msingi lazima ushuke zaidi ya mita moja, la sivyo barafu itausukuma juu na ukuta upasuke. Ongeza mabomba, umeme, mfumo wa kupasha joto, kibali. Hayo si mabati na mbao za Mbagala.

Mjini nilipanga kabla ya kuja huku. Binamu alipofika na watoto wake, nikawapokea kama alivyotulea mama, magodoro sebuleni, ugali sufuria moja. Msimamizi wa jengo alikuja kukagua bomba, akasimama mlangoni anahesabu viatu. Vidogo, vikubwa, akavihesabu vyote kwa kidole. Baada ya siku chache ikaja barua: mkataba una majina mawili, waliozidi waondoke. Wenye nyumba wengi huku wanashika kipimo cha watu wawili kwa chumba cha kulala. Kwa hiyo ukiniuliza tena kwa nini sijawachukua watoto wa marehemu shangazi, kumbuka vile viatu.

Vitongojini nako nyumba zimeachana mno, basi linapita mara moja kwa saa na jioni linakatika. Kabla sijapata gari nilikuwa natoka zamu ya usiku ya kuhudumia wazee, natembea ukingoni mwa barabara kwa sababu njia ya miguu haipo, theluji iliyosukumwa na magari imenifika magotini, kope zinagandana. Ndiyo maana nina gari. Mkopo wake, bima na mafuta nayahesabu pamoja na marejesho ya nyumba, na ninachowatumia kinatoka kwenye mabaki. Msiniambie nina anasa.

Ukija, kaa mjini karibu na treni, hata chumba kiwe kidogo. Lakini kodi ya mjini itakumaliza, kwa hiyo labda uanzie mji mdogo kama Austin, kule kusini mwa Minnesota kwenye viwanda vya nyama, watu kama 26,000, kodi ina nafuu. Ila bila gari kule utafungiwa ndani majira yote ya baridi. Usije kabisa. Au njoo, lakini uje na leseni na ufundi wa mabomba, usije kubeba boksi kama sisi.

Kuhusu kiwanja cha Chanika, usijenge nyumba moja katikati ukazungushia ukuta kwa sababu umeiona yangu. Jenga nyumba ya vyumba sita na korido, uani upabakize, wapangaji wawe karibu na mama, usiku akiugua kuwe na wa kumsikia. Lakini acha njia ya gari pembeni, pana, usimwachie jirani aizibe. Umeona Tandale moto ukiwaka, gari la zimamoto linabaki barabarani. Ramani nitumie kabla fundi hajachimba msingi, na hela ya nondo nitaituma mwisho wa mwezi, si kabla.