Uliza Fundi: picha ndogo yaingia, kubwa yaleta vurugu

SWALI: Asalam aleikum ami. Mi ni kijana wa Langoni, Lamu. Nina laptopu ya zamani yenye Linux na nimejitia kuandika klayenti yangu mwenyewe ya X11 kwa Python (X11 ni ule mfumo ambao programu, yaani klayenti, inaiomba seva ichore madirisha kwenye skrini), situmii laibrari yoyote, soketi tu, yaani ile njia ya kutumiana baiti na seva, manake nataka kujua dirisha linafikaje kwenye skrini. Dirisha limefunguka, mistari nachora, hata ikoni ya 64 kwa 64 inatokea safi. Lakini nikituma picha ya jahazi niliyopiga pale Mkunguni, 400 kwa 300, haitokei kitu, afu seva inanirudishia makosa chungu nzima, mengine namba 1, mengine 16, hayana mpango. Mwanzo Python ilikuwa inalalamika kwenye struct.pack, ile inayogeuza namba kuwa baiti, kwamba namba imezidi, nikaongeza & 0xFFFF, inayobakiza biti 16 za mwisho tu, ikanyamaza. Juzi skrini nzima iliganda hadi nikazima mashine. Siku ya 3 hii silali vizuri.

JIBU: Waaleikum salam mwanangu. Kwanza hongera, kwa sababu kuandika ombi la X11 baiti kwa baiti ni kazi ambayo watu wengi wanaizunguka, we umeingia mlango wa mbele. Na tatizo lako umelitaja mwenyewe kwenye barua, pale uliposema Python "ikanyamaza". Ile namba ilikuwa inakwambia kweli.

Twende polepole. Ombi la PutImage, ndilo linalopeleka picha kwa seva na namba yake ni 72, lina kichwa cha baiti 24 afu zinafuata pikseli. Ndani ya kichwa hicho, baiti ya 3 na ya 4 zinabeba urefu wa ombi zima, na urefu huo hauhesabiwi kwa baiti, unahesabiwa kwa mafungu ya baiti 4. Sehemu ya biti 16 mwisho wake ni 65,535, yaani ombi moja la kawaida haliwezi kupita baiti 262,140. Sasa picha yako: 400 mara 300 mara baiti 4 ni 480,000, ongeza 24 za kichwa inakuwa 480,024, gawa kwa 4 unapata mafungu 120,006. Haingii. Python ikakukatalia, we ukaikata kwa & 0xFFFF, ikabaki 54,470. Ikoni yako ya 64 kwa 64 ni baiti 16,384 tu za pikseli, ndo maana yenyewe haijakusumbua hata siku moja.

Seva inafanya nini ikipata 54,470? Inakuamini. Inasoma baiti 217,880, inaona umeandika upana 400 na kimo 300 lakini mzigo uliokuja hautoshi, inalikataa ombi kwa kosa namba 16, la urefu. Hapo ingeisha vizuri tu, lakini we bado umetuma baiti 262,144 zaidi, zimesimama foleni kwenye soketi, na seva haijui kama ni picha. Kwake kinachofuata ni ombi jipya. Nimepiga hesabu: inaanza kusoma "ombi jipya" kwenye mstari wa 137 wa picha yako, pikseli ya 65, pengine ndo katikati ya tanga.

Hebu iangalie hiyo pikseli kwa karibu. Kwenye mashine kama yako pikseli moja inakaa hivi: bluu, kijani, nyekundu, tupu. Na kichwa cha ombi lolote la X11 kinakaa hivi: namba ya ombi, baiti moja ya ziada, afu baiti 2 za urefu. Kwa hiyo bluu ya tanga lako inageuka kuwa namba ya ombi, na nyekundu inageuka kuwa urefu. Tuseme tanga ni jeupe lililochakaa, bluu 200, nyekundu 220: seva inaona ombi namba 200 ambalo kwa kawaida halina mwenyewe, inatoa kosa namba 1, inameza mafungu 220, inaangukia pikseli nyingine, inatoa kosa lingine, hivyo hivyo hadi picha iishe. Makosa uliyoona hayana mpango kwa sababu yanafuata rangi za jahazi na maji.

Na kuganda kwa skrini siyo uchawi wala laptopu mbovu. Siwezi kuapa bila kuona, lakini kuna ombi namba 36, GrabServer, lenye urefu wa fungu 1 tu, linaiambia seva isihudumie klayenti mwingine yeyote. Pikseli ya maji yenye kivuli, bluu 36 na nyekundu 1, ikiangukia mahali pa kichwa, basi programu yako imejifungia seva peke yake na madirisha mengine yote yanasubiri mpaka iachie au muunganisho ukatike. Kwa hiyo kuanzia leo majaribio yafanyie ndani ya Xephyr, ambayo ni seva inayofunguka kama dirisha ndani ya skrini yako, ikiganda unaifunga maisha yanaendelea.

Dawa. Toa ile & 0xFFFF. Afu kata picha kwa mistari: mstari mmoja ni baiti 1,600, kwenye baiti 262,116 zinazobaki baada ya kichwa inaingia mistari 163. Tuma 163 ya kwanza kwa dst-y 0 (yaani mstari wa dirisha ambapo picha inaanzia, kutoka juu) na kimo 163, afu 137 iliyobaki kwa dst-y 163 na kimo 137. Maombi mawili, basi. Ila hicho kikomo usikikariri kwangu, seva yenyewe inakitaja kwenye jibu lake la kwanza mnapounganishwa, kisome kutoka hapo. Njia nyingine ni nyongeza inayoitwa BIG-REQUESTS: ukishaiwasha unaweka 0 mahali pa urefu wa kawaida, afu unaingiza urefu wa biti 32 baada yake, na ukumbuke hilo fungu la ziada nalo linahesabiwa, kwako ingekuwa 120,007. Nzuri, lakini mi ningekushauri uanze na kukata, ukiona jahazi limetokea ndo uende huko.

Angalia pia kama unatuma kwa send au sendall. send inaweza kupeleka nusu ya mzigo ikarudi bila kulalamika, na kilichobaki usipokituma, ombi linalofuata linamezwa kama pikseli. Tumia sendall.

Na makosa jifunze kuyasoma, mwanangu, usiyahesabu tu. Kila kosa ni baiti 32: ya kwanza ni 0, ya pili ndo namba ya kosa, afu baiti 2 za namba ya mfuatano, yaani ombi lako la ngapi, na baiti ya 11 inakwambia ombi gani lilikosea. Soma la kwanza peke yake. Lako litakuwa 16 kwenye ombi 72, mengine yote yanatokana na hilo. Ukichoka kuhesabu kwa mkono weka xtrace kati ya klayenti na seva, inakuchapia kila kinachopita.

SWALI: Fundi shikamoo. Mi niko Malindi, najifunza pia mambo haya ya X11. Picha yangu inatokea nzima lakini bahari imekuwa ya rangi ya matope, utadhani mto Sabaki umefurika, na picha nimeipiga kaskazi maji yakiwa mabuluu kabisa. Hakuna kosa lolote linalorudi.

JIBU: Marahaba dada. Kosa haliwezi kurudi kwa sababu urefu uko sawa, ni mpangilio tu. Pillow, laibrari ya Python ya kusomea picha, inakupa nyekundu, kijani, bluu. Seva yako inataka bluu, kijani, nyekundu, tupu. Maji yenye nyekundu 30, kijani 110, bluu 190 yakigeuzwa yanakuwa 190, 110, 30, na hayo ndo matope yako. Picha ikiwa ya RGB andika tobytes("raw", "BGRX") na bahari itarudi. Lakini kabla ya hapo soma kwenye jibu la kwanza la seva mpangilio wa baiti na maski za rangi (zinazoonyesha biti zipi ni za rangi ipi), manake mashine nyingine hupanga vingine.

SWALI: Natuma PutImage mara tu baada ya MapWindow, lile ombi la kuonyesha dirisha, dirisha linafunguka tupu, kosa hakuna. Shela, Lamu.

JIBU: Umewahi mno. Subiri tukio la Expose, namba 12, yaani taarifa ya seva kwamba dirisha limeonekana na linahitaji kuchorwa, ndo utume picha, na itume tena kila likija, kwa sababu seva haina wajibu wa kukutunzia ulichochora dirisha likifunikwa.